Nyembe Tatu za Mzee Nyakundi

Merigi, Jumapili jioni

Mwanangu Chepkoech,

Nawasikia wewe na mama yako huko ndani mkibishana kama blanketi mbili zitaingia kwenye sanduku. Mambo ya blanketi, ya chakula, ya kanisa utakalosali huko Eldoret, hayo nimemwachia yeye. Anayajua kuliko mimi na hatasahau hata moja. Mimi nimekaa hapa karakana na daftari lako la hesabu la kidato cha pili, kwenye zile kurasa za nyuma ambazo hukuzijaza. Nina neno ambalo nimejaribu kukuambia kwa mdomo tangu Ijumaa. Jana nilikuita ili nilitoe, ukaja, nikakuuliza kama umeona koleo langu. Koleo lilikuwa mkononi mwangu. Ulicheka ukarudi jikoni, nami nikajua kwamba nisipoandika utaondoka bila kusikia.

Ili nifike kwenye neno hilo lazima nipitie kwa Mzee Nyakundi. Univumilie.

Unamjua kama kinyozi wa pale sokoni, mkabala na kinu cha kusaga unga, lakini sidhani umewahi kusikia alivyofika huku kwetu. Alitoka Kisii akiwa kijana, akaja kuchuma majani chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho. Mgongo ukamkatalia, akahamishiwa nyumbani kwa meneja, na huko ndiko alikojifunza kunyoa, kwa sababu meneja alikuwa na mkono mbovu na hakuweza kujinyoa mwenyewe. Alipoacha kazi alikuja Merigi na kiti kimoja, kioo kimoja na wembe mmoja wa kukunja. Kwa wembe huo alinyoa nusu ya wanaume wa hapa, mimi nikiwa mmoja wao.

Mwaka wa tisini na tatu, wewe ukiwa darasa la tano, ule ugonjwa ulianza kutajwa hata kanisani. Mtu alikuwa anakaa kwenye kiti cha Mzee Nyakundi, anautazama wembe, anauliza, "Huu umetoka kwa shingo ya nani?" Mzee anamwambia ameuchemsha. Mtu anasema sawa, kisha anakumbuka ghafla kuna ng'ombe hajamfunga, anaondoka.

Ndipo akaja kwangu. Alisimama pale mlangoni, hakutaka kuketi.

"Fundi," akasema, "mimi nataka nyembe tatu za kukunja. Moja inanyoa, moja iko kwa maji inachemka, moja inapumzika."

"Hiyo si ngumu."

"Ngoja kwanza. Sitaki zifanane. Nataka chuma yenye mistari. Yule meneja alikuwa na wembe ya namna hiyo, mistari yake kama maziwa ikiingia kwa chai kabla hujakoroga. Sasa kama kila moja iko na mistari yake, mtu hataniuliza kitu. Ataona kwa macho yake mwenyewe ile ilinyoa jirani yake bado iko kwa sufuria."

Nilipenda wazo lile kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa. Mpaka siku hiyo watu walikuwa wananiletea majembe, mapanga na bawaba za mageti. Huyu alikuwa ananiletea kitu ambacho hakuna mhunzi wa upande huu aliyekuwa amekifanya. Na mimi sikuwa nimekifanya. Babu yako alikuwa akisimulia jinsi ya kupiga vyuma viwili vikawa kimoja, lakini sikuwahi kumwona akifanya. Ningesema tu, "Mzee, hiyo siijui, nipe muda nijifunze." Badala yake nilisema, "Rudi baada ya wiki tatu," kwa sauti ya mtu aliyeifanya mara mia.

Nilitafuta springi ya lori, na kwa wapasua mbao wa Kedowa nikapata kipande cha msumeno mpana uliovunjika. Nikavikata vipande vya urefu wa kidole, nikavipanga kimoja juu ya kingine, cha springi, cha msumeno, cha springi, cha msumeno, nikavifunga kwa waya. Motoni nikavinyunyizia mchanga mweupe uliosagwa ili uchafu uyeyuke na kutoka, nikangoja chuma kifike rangi ya siagi, halafu nyundo. Ukipiga mapema, havishikani. Ukichelewa, chuma kinaungua na kurusha cheche. Katikati hapo una muda wa pumzi mbili. Wiki ya kwanza sikupata chochote ila vipande vilivyofunguka kama kitabu kilichonyeshewa. Wiki ya pili vikaanza kushikana. Vikishikana unakunja, unapiga tena, unakunja, unapiga tena.

Nilipomaliza kunoa nilisugua kwa ndimu, kisha nikalaza nyembe kwenye chai ya rangi iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi kama lami. Mama yako alinigombeza kwa ajili ya majani yale. Lakini chuma cha springi kilishika weusi na cha msumeno kikabaki cheupe, na mistari ikatokea. Wembe wa kwanza ulikuwa kama ile chai na maziwa ya Mzee. Wa pili ulikuwa kama matuta ya shamba la mlimani. Wa tatu nilikuwa nimeusokota kama kamba kabla ya kuupiga bapa, nao ukatoka na vidoa vidogovidogo kama manyoya ya kanga. Ule ndio uliokuwa mzuri kuliko yote.

Na ule ndio nilioona una unywele.

Ulikuwa mstari mweusi mwembamba kandokando ya makali, urefu wa punje ya mchele. Nilijua ni nini. Mtoto wa mhunzi anaujua kabla ya kujua kusoma. Pale vyuma viwili vilikuwa vimelala pamoja bila kushikana. Lakini kesho yake ndiyo ilikuwa siku niliyoahidi, na nilikuwa nimewaambia watu wengi waje waone. Kipande cha msumeno kilikuwa kimeisha. Na ulikuwa mzuri, Chepkoech! Nilichukua jiwe laini nikausugua ule unywele mpaka ukapotea machoni. Kwenye chuma ulibaki palepale.

Mzee Nyakundi alizipokea akazipeleka dirishani moja moja. Watu walijaa. Akasema, "Sasa mtu akiniuliza imetoka kwa shingo ya nani, nitamwambia afungue macho." Watu wakacheka, wakanipiga mabegani, na kiti chake kikaanza kujaa tena. Wiki zikapita. Nikaanza kuamini kwamba unywele ule haukuwa kitu.

Kisha ikaja siku ya koito ya binti wa Mwalimu Rotich, siku ambayo wakwe wanakuja kuposa rasmi. Mwalimu alienda asubuhi anyolewe apokee wageni. Zamu ilikuwa ya wembe wa tatu. Ulipopita chini ya taya, kipande cha makali kilibanduka kama ganda la yai, na lile jino lililobaki likachana nyama. Alishonwa kwenye zahanati. Aliwapokea wakwe akiwa na bandeji na kola yenye damu.

Watu hawakuulaumu wembe. Waliulaumu mkono. "Mzee amechoka, mikono imemwisha." Wengine wakasema anakunywa, mtu ambaye hata busaa haonji. Wengine wakaanza kutaja kwao, kana kwamba Kisii ndiko kunakotengenezwa mikono mibaya.

Siku mbili baadaye aliuleta wembe kwangu, umefungwa kwenye kitambaa. Akauweka hapa, kwenye meza hii ninayoandikia.

"Fundi, iliruka kidogo hapa kwa makali. Nafikiri niligonga kwa karai na sikusikia. Au ni hii mkono yangu. Wewe unaonaje?"

Niliutazama. Nilijua kila kitu. Na nilimjibu neno moja.

"Inawezekana."

Mengi nimekosea maishani, na mengine mama yako anaweza kukuhesabia. Lakini nikiambiwa nirudishe neno moja tu kati ya yote niliyosema tangu nizaliwe, ningerudisha hilo. Kabla ya hapo nilikuwa nimeficha kosa kwenye chuma. Siku ile nililitoa kwenye chuma nikaliweka kwenye mkono wa mzee, naye akaondoka nalo.

Miezi minne nilikaa hivyo. Ndevu zikikua nilitembea mpaka Bomet kunyolewa, nikimwambia mama yako nina shughuli huko. Nyumbani nilikuwa mkali. Huenda unakumbuka siku uliyomwaga ndoo ya maji pale mlangoni nikakuchapa mpaka jirani akaja. Ulikuwa umetoka kisimani, umechoka, uliteleza tu. Ile haikuwa hasira ya maji. Sijawahi kukuambia pole kwa ajili ya siku ile. Pole, mama.

Kilichonivunja ni swali la mama yako. Tulikuwa tunakamua, akauliza bila hata kuinua kichwa, "Kwani Nyakundi amekukosea nini?"

Nikasema, "Hajanikosea."

Akasema, "Basi."

Niliacha ndoo hapo hapo nikaenda sokoni na viatu vyangu vya gamboti vikiwa bado na mavi ya ng'ombe.

Nilimkuta peke yake ameketi kwenye kile kiti cha wateja. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kilichojaa mpaka mdomoni, mkono ameunyoosha mbele, macho hayabanduki. Hakuwa anakunywa. Alikuwa anaangalia kama itamwagika. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Haikumwagika hata tone.

"Mzee," nikasema, "ni wembe. Ulikuwa na ufa. Niliuona kabla sijakupa nikausugua usionekane. Na siku ulipouleta nilijua."

Hakunitazama. Aliendelea kushika kikombe.

"Miezi minne, fundi," akasema. "Kila asubuhi naamka najaza hii kikombe. Naiambia hii mkono, kwa nini unanifanyia hivi? Hata mke wangu anajua. Ananiangalia tu."

Kisha akanyoosha kikombe kwangu. "Shika."

Nilishika. Chai ikamwagika vidoleni mpaka sakafuni, na haikuwa ya moto. Alitazama ile chai sakafuni, akasimama, akachukua kitambaa akapangusa mwenyewe. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepumua.

"Utatengeneza ingine," akasema. "Na siku ya soko utakuja hapa, useme kwa mdomo yako, watu wasikie. Halafu utakaa kwa kiti, nikunyoe nayo. Wewe kwanza."

Nilirudi Kedowa kutafuta chuma. Safari hii nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Kipande cha kwanza kilipotoka motoni nilikata ncha yake, nikaibana kwenye jiliwa nikaikunja mpaka ikavunjika, nikaangalia ndani. Kilikuwa na ufa. Nikakitupa. Cha pili kilivunjika vizuri, lakini nilipokigonga kikiwa baridi kilitoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Nikakitupa pia, ingawa jicho halikuona kitu. Cha tatu kiliimba. Nikampelekea Mzee ile ncha iliyovunjwa kabla hata sijaanza kukifua kiwe wembe, aione kwa ndani. Aliigeuza juani akanirudishia. "Endelea," akasema. Hilo tu.

Siku ya soko wewe ulikuwa shuleni, ndiyo maana hukuona. Mama yako alikuwepo. Nilisimama mbele ya kile kibanda nikasema. Sikusema vizuri, nilirudia maneno, na mtu fulani upande wa mbuzi akacheka. Mwalimu Rotich alikuwa amekuja kununua mbegu. Akasogea mpaka mbele, na lile kovu lake hapa chini ya taya.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa, Mwalimu."

Alingoja kama mtu anayengoja mwanafunzi amalize jibu. Jibu lilikuwa limekwisha. Akageuka akaenda zake. Mpaka leo tunakaa benchi moja kanisani, tunasalimiana kwa mkono, na jembe lake anapeleka Bomet kutengenezwa. Nimekubali. Si kila kitu kinarudi.

Nilikaa kwenye kiti. Mzee Nyakundi alinipaka sabuni polepole, akapitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nadhani ili nisikie. Akauweka hapa shingoni akatulia.

"Unaogopa?"

"Naogopa, Mzee."

"Vizuri. Sasa nyamaza, nisikukate."

Hakunikata. Alipomaliza, mzee mmoja wa hapa kwetu, ambaye hakuwa amenyolewa pale tangu ile koito, alivua kofia akasema, "Niko nyuma yake." Hawakurudi wote. Lakini walirudi wa kutosha kumfanya Mzee aache kujaza kikombe.

Sasa unakwenda kujifunza kuunganisha chuma kwa stima. Watakufundisha mambo nisiyoyajua, na mashine zao zitatengeneza mshono mzuri kuliko nyundo yangu. Mshono wako utakuwa chini ya lori, kwenye ngazi, kwenye tangi la maji juu ya watoto wa shule. Utajua pale usiposhika. Hakuna atakayejua ila wewe. Wakati huo ukikata na kuanza upya, mwalimu wako atakasirika, na saa zitapotea. Kata. Na kama umechelewa kukata, na kitu kimekwisha vunjika, na mtu amesimama mbele yako anakuuliza kama labda ni mkono wake, nakuomba usimpe lile neno nililompa Nyakundi.

Nimezunguka vya kutosha.

Chepkoech, barua yako ya kuitwa chuo haikuchelewa posta. Ilifika kwa wakati. Niliichukua mimi. Nilikaa nayo siku tisa kwenye koti la kanisani. Ulipokuwa unalia kwamba siku ya kuripoti imepita na wewe hujaitwa, barua ilikuwa imetundikwa msumarini nyuma ya mlango, ndani ya koti, hatua tatu kutoka ulipokuwa umekaa. Nilipokupa nilisema imefika leo.

Nitakuambia kwa nini, ingawa sababu si nzuri. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu ya maneno ya watu, msichana na moto wa chuma. Huo ulikuwa uongo wa kujituliza. Ukweli ni kwamba niliogopa utarudi hapa, uangalie kazi ya mikono yangu, uone ufa ambao mimi siuoni. Nilikuwa mtu mzima anayemwogopa mtoto wake kwa sababu mtoto ana akili. Siku ya tisa nilisikia ukimwambia mama yako kwamba huenda hukufaulu, kwamba huenda wewe si kitu. Nikaona umeanza kushika kikombe. Ndipo nikaitoa.

Hata hapo sikuikata kazi mbovu yote, nilisugua tu juu. Wewe ulienda ukamfokea yule mama wa posta mbele ya watu, na nikanyamaza. Jana mchana nilikwenda kwake. Nilimweleza mbele ya waliokuwa kwenye foleni. Alisema alikuwa ameanza kupekua magunia ya zamani akidhani barua nyingine zimepotea mkononi mwake. Ukipita kesho atakusalimia. Hana kinyongo na wewe. Na mimi anacho, na ni haki yake.

Chuoni wanataka maelezo kwa nini umechelewa. Nimesikia umejiandaa kusema ni posta. Usiseme. Kesho nakwenda na wewe mpaka Eldoret. Nitaingia katika ofisi hiyo mbele yako, nitavua kofia, nitawaambia ni mimi baba yake niliyeificha, na kwamba huyu mtoto hajawahi kuchelewa mahali popote. Wakisema nafasi imekwenda, nitakaa hapo nje, nitarudi kesho yake, na kesho kutwa. Mama yako anajua. Nimempa funguo za karakana.

Lakini huenda ukishasoma haya hutaki tusafiri pamoja. Nitaelewa. Barua hii nitampa mama yako akupe sasa, kabla hujalala, ili uamue ukiwa kitandani kwako na si barabarani na watu. Usinijibu kwa maneno kama maneno ni mazito. Asubuhi nitakuwa nimesimama getini na koti na kofia. Ukitoka umebeba sanduku mwenyewe ukanipita, nitakufungulia geti na kukutakia heri, na safari yangu nitaifanya peke yangu kwa gari la nyuma, kwa sababu maelezo yale ni yangu kuyatoa hata usipotaka kuniona.

Ukiniachia upande mmoja wa sanduku, nitashika.

Baba yako